Mantikora juu ya vizibo tisa

Katika mchezo wetu wa hadithi na dadu, kwa jinsi tunavyocheza sisi, kizibo kimoja cha soda ni futi 10 za kimo. Usiku wa kisa hiki, kwenye baraza ya nyumba moja ya Mji wa Kale hapa Mombasa, mantikora wangu, adui anayeruka, alikuwa juu ya vizibo tisa, na huko juu alikaa mizunguko saba bila kushuka hata kizibo kimoja. Mtu akigusa mkeka, mnara wa vizibo ulitikisika. Mchezaji mwenye shoka alikuwa akivihesabu kwa ukucha, kimoja kimoja, kutoka chini hadi juu, kama kwamba safari hii huenda vikatoka vinane. Kila mara vilitoka tisa.

Nakichambua kisa hiki kwa urefu kwa sababu ushauri ninaousikia mara nyingi juu ya maadui wanaoruka, kwamba wape wachezaji wote pinde au mpunguzie adui uhai, naona hauligusi jambo lenyewe. Mimi mwenyewe niliufuata kwa muda, na haukuniponya.

Kwa asiyeujua mchezo, Dungeons & Dragons ulitoka Marekani mwaka 1974. Mmoja wetu ni mwendeshaji: anasimulia mahali, anawachezesha maadui, anaamua sheria. Wengine kila mmoja ana shujaa wake, anasema anachotaka kufanya, na dadu ya pande 20 inaamua kama kimewezekana. Sisi tunatumia sheria za toleo la tano la mwaka 2014, na mazungumzo yote ni ya Kiswahili. Tunakutana Jumamosi baada ya Isha. Vizibo ndizo sanamu zetu, na uwanja ni kurasa za daftari la hesabu, lile la miraba, tulizozibandika pamoja kwa gundi. Kila mraba ni futi 5.

Mashujaa walikuwa wanne, wote wa ngazi ya 3. Mbabe wa shoka, uhai 35, anachezwa na dereva wa tuktuk ambaye kila wiki ndiye hufika wa kwanza. Mlinzi wa kiapo, mwenye upanga na ngao, uhai 28, ni wa binamu yangu, muuguzi. Mjanja wa upinde mfupi, uhai 24, ni wa kijana wa chuo. Mchawi, uhai 20, ni wa mwalimu wa hesabu. Ukijumlisha, kundi zima lina uhai 107. Namba hiyo tutairudia.

Mantikora ni mnyama wa hadithi za Waajemi, na jina lake kwa asili maana yake ni mla watu. Ana mwili wa simba, uso wa binadamu, mabawa, na mkia uliojaa miiba. Kitabu kinampa uhai 68, kinga 14 (namba ambayo shambulio lazima liifikie ili limpate), na mwendo wa futi 50 angani kwa kila zamu. Katika zamu moja anaweza kurusha miiba mitatu, na kila mwiba unafika futi 100 bila taabu. Mkiani ana miiba 24 tu. Ikiisha, basi, mpaka apumzike usiku mzima ndipo imee tena.

Thamani yake ni pointi 700 za uzoefu, ndizo wanazopata mashujaa wakimshinda. Kwa mashujaa wanne wa ngazi ya 3, pambano la wastani linaanzia 600 na gumu linaanzia 900. Kwa mujibu wa jedwali la kitabu, basi, nilikuwa nimewaandalia pambano la wastani, na mimi nikaridhika na jedwali.

Niliwaweka ufukweni maji yakiwa yamekupwa, mchanga mtupu mbele na nyuma, na mashua moja tu iliyolala ubavu. Walikuwa wamebeba sanduku la kupeleka ng'ambo ya ghuba. Zamu ya kwanza ilimwangukia mantikora. Kwa vile ana akili kidogo na anaujua urefu wa miiba yake, nilimweka futi 90, nikamwambia amlenge mchawi. Miiba miwili ikampata, ikamla uhai 14. Mjanja akarusha mshale, akakosa. Mchawi akajibu kwa vimondo vyake visivyokosa, akamtoa mantikora uhai 11. Mlinzi akainua ngao. Mbabe akapandisha hasira, akarusha mkuki wake wa kwanza, ukaenda pembeni.

Mzunguko wa pili mchawi akaanguka. Mlinzi akamwekea mikono, akamrudishia uhai 15. Mbabe akarusha mkuki wa pili na wa mwisho; miwili mingine ilikwishapotelea baharini wiki iliyopita. Ukakosa nao. Mzunguko wa tatu mchawi akapiga vimondo tena, uhai 10. Wa nne akaanguka tena, na safari hii mlinzi hakuwa na la kumpa. Akamburuta hadi nyuma ya mashua. Kuanzia hapo mpaka wa saba ilikuwa ni mjanja na upinde wake, mshale baada ya mshale, na wenzake watatu wakimtazama.

Mzunguko wa saba ulipokwisha nilimwondoa mantikora. Nilisema ameridhika, akaelekea baharini. Hakuna aliyekufa. Muuza kahawa alikuwa anapita na dele lake, vikombe vikilia mkononi, nikaagiza kwa wote ili nyuso zikunjuke. Dereva alikipokea kikombe chake, akakiweka chini bila kunywa.

"Yakhe," akaniambia, kwa upole kabisa, "mimi leo n'mekuja kutazama."

Akavaa viatu akaenda zake. Maneno yale yalinikaa moyoni wiki nzima. Yule ni mtu anayeendesha tangu alfajiri, na saa tatu za Jumamosi ndizo alizojitengea yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa nimemnyang'anya saa moja na dakika ishirini.

Kesho yake nilifungua daftari langu la kumbukumbu nikaanza kuhesabu. Kwanza nilihesabu majeraha, kama kila mwendeshaji anavyofanya. Mantikora alipoteza 11, 10, na 13 za mishale miwili ya mjanja iliyopata: jumla 34, nusu kamili ya uhai wake. Kwa hesabu hiyo pambano halikuwa baya. Wachezaji walikuwa nusu ya safari ya ushindi.

Nikaacha majeraha nikahesabu zamu. Wachezaji wanne kwa mizunguko saba ni zamu 28. Nikajiuliza, katika kila zamu, je, mwenye zamu alikuwa na jambo la kuamua? Mjanja alikuwa na zamu saba, ingawa zote za aina moja. Mchawi alipata mbili, tano alikuwa chini. Mlinzi mbili: kuponya na kuburuta. Mbabe mbili, mikuki yake miwili. Jumla 13. Zamu 15 kati ya 28 zilikuwa tupu. Zaidi ya nusu ya usiku ule watu walisema, "Sina. Endelea."

Kipimo hicho ndicho ninachokitumia tangu siku ile, na ndicho kiini cha uchambuzi huu wote. Adui anayeruka hawazidi mashujaa kwa nguvu peke yake. Anachowatoa mikononi ni uamuzi, na jedwali la pointi za uzoefu haliwezi kukuonyesha hilo kwa sababu linapima uhai, kinga na majeraha. Kitabu cha mwendeshaji kinaligusa kidogo: unapotunga mnyama mpya anayeruka na kuumiza kwa mbali, na unatarajia kiwango chake cha ugumu kiwe 10 au chini yake, unaambiwa uhesabu kinga yake kana kwamba imezidi kwa 2. Mbili! Kwa mchezaji mwenye shoka, kinga ya mnyama aliye futi 90 juu ni sawa na kinga ya mwezi.

Mwalimu wa hesabu alinisaidia upande wa pili wa mizani. Miiba 24, kila mmoja unaumiza 7 na nusu kwa wastani, na dhidi ya shujaa mwenye kinga 15 unapata mara 11 katika 20. Zidisha, unapata 99. Kundi zima lina uhai 107. Maana yake mkia mmoja wa mantikora, akikaa juu na kuutumia wote bila haraka, unakaribia kulimaliza kundi la ngazi ya 3. Upande wetu, mjanja akirusha kawaida hupata mara 12 katika 20 dhidi ya kinga 14. Lakini upinde mfupi ukipita futi 80 sheria inakutaka urushe dadu mbili na kushika iliyo ndogo, na bahati yake inashuka kutoka asilimia 60 hadi 36. Futi 80, nami nilimweka adui futi 90. Kizibo kimoja. Ningekiondoa kizibo kile cha juu tu, mtu mmoja angecheza usiku tofauti kabisa, na mimi nilikiweka bila kufikiri, kwa kuwa miiba inafika 100 na 90 ilionekana namba nzuri.

Mjanja alipoteza kitu kingine ambacho hakuna aliyekitaja mezani. Nguvu ya shujaa wa aina yake ni pigo la kushtukiza, dadu mbili za ziada za pande sita, na mara nyingi hulipata pale mwenzake anaposimama futi 5 kutoka kwa adui. Angani hapana mwenzake. Kwa hiyo hata mshale uliopata ulikuwa nusu mshale.

Mbabe naye yalimfika makubwa zaidi. Hasira yake, kwa sheria, inazimika yenyewe kama zamu yake imekwisha bila kumshambulia adui wala kuumizwa tangu zamu iliyotangulia. Mikuki ilipokwisha, hana wa kumpiga. Na mantikora, kwa kuwa ana akili, hana haja ya kumpiga yeye. Hasira ikazimika mzunguko wa tatu. Shujaa aliyejengwa kwa ajili ya kustahimili mapigo alikuwa ndiye mtu pekee asiyepigwa.

Kulikuwa na suluhisho la pinde. Nililileta kwenye simu siku ya Jumatatu: nitaweka duka njiani, kila mtu anunue upinde. Dereva akajibu kwamba yeye aliandika mtu wa shoka kwa kuwa alitaka mtu wa shoka. Nikaona ana haki. Ukimpa kila mtu upinde, zamu tupu zinapungua kweli, ila umewageuza watu wanne tofauti kuwa mtu mmoja aliyesimama mara nne. Suluhisho la paa la pango, adui anayeruka kufungiwa ndani ya chumba cha futi 20, nililitumia mwaka juzi kwa ndege wengine na sikulipenda: ni kumkata mabawa kisha kumwita ndege.

Jibu nililipata bila kulitafuta, Bandari ya Kale, asubuhi, wakati wa kupara samaki. Nilikuwa nimesimama na mfuko wangu nikisubiri changu zangu ziparwe. Mwewe mmoja alikuwa anazunguka juu ya paa za mabati, juu sana, mkia wake ukipinda kushoto na kulia kama usukani. Mparaji akatupa matumbo pembeni ya ngazi. Mwewe hakushuka. Kunguru watatu walikuwepo, na mtoto mmoja mwenye ndoo. Mtoto akaondoka. Mwewe akashuka kizunguko kimoja. Kunguru wakagombana wao kwa wao, wakasogea. Hapo akakunja mabawa, akaja chini kama jiwe, makucha yakagusa saruji kwa muda usiotosha hata kupepesa jicho, akapanda na kitu kinachoning'inia. Kunguru wakamwandama mpaka juu ya maji, wakimdonoa mgongo.

Nilisimama pale mpaka mparaji akaniita mara ya pili. Mwewe anapanda juu ili aone na ili asiguswe. Chakula kiko chini. Hakuna tumbo la samaki linaloruka kumfuata. Na mantikora ni mla watu! Nilikuwa nimemfanya bunduki iliyotundikwa mawinguni, isiyotaka chochote ila kupunguza namba za watu. Mizunguko saba hakula hata kidole. Sikuwahi kujiuliza amekuja kufanya nini.

Niliwaomba wachezaji turudie pambano na mnyama yuleyule, namba zilezile: uhai 68, kinga 14, miiba 24. Mashujaa wangekuwa wamelala usiku mmoja, wazima. Nilichobadilisha ni mahali, na njaa.

Mahali nilipochora ni mji wa mawe ya matumbawe, vichochoro vya futi 10, nyumba za futi 30, paa bapa zenye kuta fupi pembeni. Mtu wa Mombasa haelezwi mara mbili. Milango ina madaka, yale maingilio yaliyozama ndani ya ukuta yenye viti vya mawe huku na huku. Aliyesimama ndani ya daka haonekani kutoka juu, na aliyefunikwa kabisa na ukuta halengwi. Kwa hiyo mantikora akikaa vizibo tisa anaona paa na vichochoro vitupu. Akitaka kujua nani yuko wapi, lazima ateremke. Nilimweka vizibo vitano, futi 50, ambazo kwa aliye juu ya paa ni futi 20 tu. Katikati ya kichochoro, hatua moja kutoka daka la nyumba kubwa, nilifunga mbuzi.

Nikawaambia wazi kabla hatujaanza: amekuja kwa ajili ya nyama, na mkia wake una miiba 24, mnaweza kuihesabu ikipungua. Hili la kusema namba lilinigharimu kidogo, kwa sababu napenda siri. Lakini usiku wa kwanza mantikora aliondoka akiwa amebakiwa na miiba mitatu, na hakuna aliyejua. Wangejua, wangeweza kujificha na kumsubiri aishiwe, na huo nao ungekuwa uamuzi. Adui akiwa na kikomo ambacho wachezaji hawakijui, kwao ni kama hana.

Mzunguko wa kwanza mjanja alikuwa juu ya paa, nyuma ya ukuta mfupi. Mantikora akamrushia mitatu, ukapata mmoja. Mjanja akajibu kwa dadu moja, siyo mbili, akampata, uhai 7. Mbabe akaingia ndani ya daka, akasema anasubiri: huyo mnyama akikanyaga chini mbele yangu, shoka. Nilimuuliza kama ana hakika, kwa kuwa nilihofia zamu tupu nyingine. Akanitazama akacheka. "Mvuvi akitega, yuko kazini." Mlinzi akasimama waziwazi karibu na mbuzi.

Mzunguko wa pili miiba mitatu ikaenda kwa mlinzi, mmoja ukapenya ngao. Zamu yake ilipofika binamu yangu akatumia amri yake, ule uchawi wa neno moja ambao anayeuelewa na kushindwa kujizuia hutii. Unafika futi 60. "Njoo!" Mantikora anaelewa lugha ya watu, kwa hiyo ilikuwa halali. Alihitaji 13 kujizuia. Nikapata 14 kwenye dadu na 1 ya busara yake. Amri ikapotea. Hapo ndipo binamu yangu alipofanya jambo zuri kuliko yote ya usiku ule: akaangalia mbuzi, akaangalia vizibo, akasukuma kizibo chake taratibu mpaka ndani ya daka la pili. "Mwachie," akasema. Mbabe naye kutoka kizani akaanza kumtukana mantikora, matusi ya uso wake na ya mkia wake, kwa sauti ambayo jirani alifungua dirisha. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi.

Mzunguko wa tatu nikaviondoa vizibo vitano vyote kwa mkono mmoja, nikamweka mantikora juu ya mbuzi. Shoka likatoka ndani ya daka kabla sijamaliza sentensi: 13. Mjanja, mwenzake sasa akiwa futi 5 kutoka kwa adui, akapata pigo lake la kushtukiza kwa mara ya kwanza: 12. Mlinzi akarudi mbio, akakosa. Mbabe kwa zamu yake akakosa pia. Mchawi, ambaye usiku wa kwanza nilimwangusha mara mbili, hakumgusa adui kabisa. Alitandaza utando wake juu, kati ya kuta mbili, ukafunika kichochoro kama kifuniko cha sufuria. Ufukweni uchawi huo usingefaa kitu, maana unahitaji vitu viwili imara vya kushikilia, la sivyo unaporomoka.

Mzunguko wa nne ulikuwa wa damu. Mlinzi alichukua 15. Mbabe akatoa 12, mlinzi 8. Mantikora alikuwa amepoteza 52 kati ya 68, na kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake: mzunguko wa tano akapaa. Mapigo mawili ya kumsindikiza yakakosa yote. Akaingia kwenye utando. Nilihitaji 13 na kwenye dadu ikatoka 6, na 3 za wepesi wake, ni 9. Akanasa futi 20 juu, mabawa yamebanwa. Kutoka humohumo akarusha miiba mitatu ya mwisho ya usiku ule, na mmoja ukamwangusha mlinzi.

Mjanja: 14. Jumla 66. Uhai mbili. Mchawi alikuwa na moto mkononi, lakini utando unashika moto na mlinzi alikuwa amelala chini yake. Akauacha moto, akamvuta binamu yangu ndani ya daka. Ikabaki zamu ya mbabe. Alikuwa na mkuki mmoja wa kurusha. Futi 20 ni ndani ya uwezo wake, na adui aliyenaswa unamrushia dadu mbili ukashika kubwa. Dereva aliziviringisha dadu kiganjani kwa muda mrefu. Zilipotua mojawapo ilikuwa 17, na sikuhitaji kuuliza majeraha.

Mizunguko mitano, zamu 20. Zamu tupu ilikuwa moja, ya mlinzi aliyekuwa ameanguka. Na pambano halikuwa jepesi: shujaa mmoja chini, mbuzi amekufa, uchawi umetumika. Namba za mnyama sikuzigusa.

Mwalimu hakukubaliana nami moja kwa moja, na hoja yake ni nzito. Alisema: mantikora ana njaa na akili ndogo, sawa. Joka je? Mwenye akili kuliko sisi sote, kwa nini ashuke? Nilimjibu kwa sehemu mbili. Kwanza, moto wa joka jekundu kijana unatoka kwa umbo la pembe la futi 30, na mkuki wa kurusha unafika futi 30 bila shida. Anayetaka kuunguza watu amejileta mwenyewe mahali pa kupigwa na aliyesubiri. Pili, mwenye akili ana anachokitaka zaidi ya nyama: hazina, mayai, heshima. Joka lisilotaka kitu chochote kilicho ardhini halina sababu ya kugombana na watu wa ardhini. Mwalimu alikubali la kwanza. La pili alisema ataliamini akiliona mkekani.

Kuna mengine sijayamaliza. Mashujaa wakifika ngazi ya 5 mchawi anaweza kujifunza kumrusha mtu mmoja angani, na hesabu zote hizi zinageuka, ingawa mchawi akipigwa na umakini wake ukavunjika, aliyeko juu anaporomoka, dadu moja ya pande sita kwa kila futi 10. Na mjanja bado ananisumbua akilini, kwa kuwa mahali palipo wazi, bila kichochoro wala mwenzake karibu, pigo lake linabaki gumu kulipata. Kwa sasa ninachofanya ni kuhakikisha kila uwanja una kitu cha kujifichia, hata mashua moja.

Jumamosi iliyofuata dereva alifika kabla sijatandika mkeka. Alikuwa ameandika orodha nyuma ya risiti ya petroli: kamba ya futi 50, kulabu, mikuki sita. Chini yake, kwa herufi kubwa, jarife, yaani wavu mkubwa. Akataka kujua jarife kwa sheria linarushwa futi ngapi. Nikamwambia 5, au 15 kwa kubahatisha. Akachukua vizibo viwili, akavipanga kimoja juu ya kingine, akakaa akivitazama.